Tiki kwenye karatasi ya dawa: nani hulipa?

Ukitoka kwa daktari hospitali ya serikali, unapewa karatasi, unapanga laini kwenye dirisha la dawa. Wa dirishani anaisoma, anatia tiki kwa zile ziko, halafu anakurudishia karatasi: "Hizi zingine ununue nje." Wengi wetu tunadhani hivyo ndivyo Kenya imekuwa tangu zamani. Si kweli. Hiyo tiki ina historia, na historia yake ni pesa.

Baada ya uhuru, mgonjwa wa nje alikuwa analipa Sh5. Kobole tu, lakini kobole ya wakati huo. 1965 serikali ya Mzee Kenyatta ikaifuta. Si unakumbuka wale maadui watatu wa kitabu cha historia: ujinga, umaskini na maradhi? Basi hapo maradhi yalikuwa yanapigwa vita kwa kodi. Serikali inanunua dawa, inaziweka bohari kuu Nairobi, kisha zinasafirishwa hadi wilayani. Mgonjwa hatoi kitu.

Shida ikawa barabarani. Dawa zilikuwa zinaishia hospitali kubwa ama zinapotea njiani, na zahanati ya kijijini inabaki na rafu tupu. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 80 Kenya ikaja na boksi. Kila kituo cha mashambani kinaletewa boksi lililofungwa na kutiwa sili, ndani kuna dawa za kuhudumia idadi fulani ya wagonjwa. Mimi huona hiyo ilikuwa akili sana. Ubaya wake ni kwamba boksi halijui unaugua nini. Penye malaria tele dawa zinaisha mapema, na kwingine zile zile zinazeeka kwenye rafu.

Halafu ikaja Desemba 1989. Uchumi umebana, Benki ya Dunia inashikilia kwamba mwananchi achangie, na serikali ya Moi ikaleta "cost sharing": Sh10 kituo cha afya, Sh20 hospitali. Ulikuwa unalipa mlangoni, kabla hujaonwa na mtu. Dawa zikikosekana, pesa yako imeenda.

Watu walifanya nini? Walikaa nyumbani. Watafiti walihesabu wagonjwa kwenye kliniki maalum ya magonjwa ya zinaa Nairobi. Wanaume wakashuka hadi 40% ya idadi ya kawaida, wanawake 65%. Huo ndio wakati Ukimwi ulikuwa unasambaa. Mtu mwenye ugonjwa wa zinaa asiyetibiwa hakai nao peke yake, na hiyo hesabu hakuna aliyeweza kuifanya kwenye kaunta. Baada ya miezi tisa ada ikasimamishwa, Septemba 1990, lakini wanaume hawakurudi wote.

1992 ada ikarudishwa polepole, na safari hii kukawa na badiliko ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Hulipi tena kuingia, unalipia matibabu. Dawa ikipatikana unatoa pesa, isipopatikana hutoi. Na katika hiyo pesa, 75% ilifaa kubaki pale pale kituoni, 25% iende kwa afya ya msingi ya wilaya. Sisemi ilikuwa poa. Maskini bado alikuwa anaumia, na ile misamaha ilitegemea huruma ya aliyekaa kwenye kiti. Lakini angalau rafu tupu ilikuwa hasara ya hospitali pia, si yako peke yako.

2004 wakapunguza: Sh10 zahanati, Sh20 kituo cha afya. Ashu na mbao. Tarehe 1 Juni 2013 Uhuru Kenyatta akazifuta zote mbili, na serikali kuu ikaahidi kufidia vituo. Baadaye fidia ilikuwa Sh900 milioni kwa mwaka, nchi nzima. Gawanya kwa Wakenya zaidi ya milioni 47 waliohesabiwa 2019, uone kama utafikisha hata mbao kwa kila mtu.

Mwaka huo huo wa 2013 afya ikahamia kaunti. Kaunti ndiyo inaagiza dawa kutoka KEMSA (wengi wetu tulilijua hilo jina 2020, kwa sababu zingine kabisa). KEMSA inatoa kwa deni, kaunti inangoja pesa kutoka Hazina, deni linapanda hadi mabilioni, na KEMSA nayo inaanza kukosa pesa ya kujaza bohari. Pesa zilizokusanywa hospitalini nazo, kaunti nyingi zilizizoa zikaenda kwenye akaunti ya kaunti. Ilibidi itungwe sheria, 2023, kusema hospitali ibaki na pesa yake. Yaani turudi kule kwa ile 75%.

Na NHIF je? Ilianza 1966, lakini kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kitanda. Ulipolazwa, ililipa. Karatasi ya dawa ya mgonjwa wa nje haikuwa shida yake mpaka juzi juzi hapa.

Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake, na zahanati na vituo vya afya vikawekewa mfuko wao wa kodi. Ukisajiliwa, hapo hulipi kitu. Lakini angalia mpangilio: kituo kinakupa dawa leo, kinatuma dai, kisha kinangoja kulipwa. Kituo kisicho na akiba kitanunua na nini dawa za mgonjwa wa kesho wakati dai la mwezi jana halijalipwa? Hakuna pa kuandika hilo kwenye karatasi yako. Litaonekana tu kwa dawa ambayo haijatiwa tiki, na bei yake utaambiwa na mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara.