Shomari Kapombe: Beki wa Mji Kasoro Bahari

Morogoro ilishaonja ubingwa kabla Kapombe hajazaliwa: mwaka 1975 Mseto ya hapa ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ligi ya Tanzania. Yeye alizaliwa mwaka 1992 katika mji huu unaoitwa Mji Kasoro Bahari, chini ya milima ya Uluguru, akachezea Polisi Morogoro, na mwaka 2011 Simba ikamchukua. Msimu wake wa kwanza tu, Simba ikawa bingwa, tena Mei 2012 ikaifumua Yanga mabao 5-0.

Makocha walimpanga beki ya kati, kiungo na pembeni, lakini alitulia zaidi beki ya kulia. Mtazame na jezi yake namba 12: winga akiingia ndani, Kapombe anapanda na chaki hadi karibu na kibendera cha kona, anamwaga krosi, kisha anageuka mbio kwenda kukaba. Kazi ya watu wawili hiyo, na wengi wakishapanda huwa hawarudi.

Mwaka 2013 alikwenda AS Cannes ya Ufaransa, klabu aliyoanzia soka la kulipwa Zinedine Zidane, ingawa wakati huo ilishashuka hadi daraja la nne. Hakukaa sana. Mwaka 2014 alitua Azam, iliyobeba Kombe la Kagame 2015 bila kuruhusu bao hata moja. Mwaka 2017 akarejea Simba, iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo hadi 2021, na mwaka 2025 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco.