Mbulu na Hanang, Mwaka 1974

Jumamosi ya tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka bastola ilipolia na hakumngoja mtu. Wakimbiaji wa mita 1,500 walizoea kuviziana: hukaa kundi moja, kila mmoja akimtega mwenzake, mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi alimaliza mita 400 za kwanza chini ya sekunde 55. Alipopita mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kwa karibu mita 20. John Walker, mwenyeji, alimkimbiza hadi kwenye utepe na hakumpata. Saa ilisoma dakika 3 sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967, ilikuwa imevunjwa na kijana wa miaka 20 kutoka Karatu.

Siku hizo Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, mkoa wa Arusha. Ni nchi ya vilima na baridi, yenye miinuko inayokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Bashay na Dongobesh hadi ukingo wa Bonde la Ufa, nyumba za Wairaqw zilikaa mbalimbali, kila kaya katikati ya shamba lake. Maji yako bondeni, shule iko kilima cha pili, ng'ombe wako kwingine kabisa. Mtoto alishapanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kengele ya asubuhi.

Kwenye vilima hivyohivyo alikulia John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaanza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza.

Mwaka 1974 maisha hayo ya nyumba zilizotawanyika yaliguswa na siasa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ikashika kasi. Nchi nayo ilikuwa imekaukiwa na mvua, serikali ikaagiza mahindi kutoka nje na kuhimiza kilimo cha kufa na kupona.

Upande wa Hanang jambo lilikuwa zito zaidi. Kule Basotu, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilikuwa limeanza kulima ngano kwa msaada wa Kanada. Mashamba yaliongezeka miaka iliyofuata hadi yakawa saba, zaidi ya ekari 100,000, na yakameza muhajega, malisho bora kuliko yote kwa ng'ombe wa Wabarabaig. Trekta zilipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao wa heshima, ambayo ukoo mzima hukusanyika kuyajenga kwa udongo kwa muda wa miezi. Mfugaji aliyerudi alikuta matuta ya jembe pale alipozikwa babu yake.

Kwingineko nchini, mwaka huo Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Novemba, chama tawala TANU kikapitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia 1977.

Rekodi ya Bayi ilibaki kuwa ya dunia hadi Agosti 1979, Sebastian Coe alipokimbia 3:32.03 mjini Zurich. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, mpaka Birmingham 2022.

Wakati Bayi anavuka utepe, huko Katesh, chini ya Mlima Hanang, Gidamis Shahanga alikuwa na miaka 16. Agosti 1978, kwenye michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, alishinda marathoni kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 39, akimwacha Jerome Drayton wa Kanada, aliyekuwa nyumbani kwake, kwa zaidi ya nusu dakika.