Old Winchester Hill: Ngome ya kale inayohifadhiwa kwa malisho

Old Winchester Hill ni kilima chenye kimo cha mita 197, katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza. Kileleni mwake pana tuta na handaki la ngome ya Zama za Chuma, iliyojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ndani yake mna vilima vidogo vya makaburi yaliyotangulia hata ngome yenyewe.

Mahali hapa ni hifadhi ya kitaifa ya viumbe na mimea, chini ya usimamizi wa Natural England, shirika la serikali linaloshughulikia mazingira asilia.

Udongo wa kilima ni mwembamba, umetandazwa juu ya mwamba wa chaki, na rutuba yake ni haba. Uhaba huo ndio utajiri wake: nyasi ndefu hazipati nguvu ya kuisonga mimea midogo. Katika mita moja ya mraba ya malisho ya aina hii huweza kuota hata aina 40 za mimea, zikiwamo okidi. Yuko pia kipepeo wa buluu iliyopauka, ambaye viwavi wake hula majani ya mmea mmoja tu wa jamii ya kunde, huku wakilindwa na sisimizi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, malisho mengi ya Uingereza yalilimwa ili kuongeza chakula. Kilima hiki kilitumiwa na jeshi kwa mazoezi ya silaha, nacho kikaepuka jembe. Tangu vita hivyo, takriban asilimia 80 ya malisho ya chaki nchini humo imetoweka.

Hata hivyo, sheria pekee haitoshi kuyalinda yaliyosalia. Mandhari haya yalifanywa na binadamu na mifugo kwa maelfu ya miaka. Katika miaka ya 1950, maradhi ya miksomatosi yalipoangamiza sungura wa Uingereza, vichaka vilienea upesi kwenye miteremko mingi ya chaki. Vichaka huyanyima maua mwanga, na mizizi yake hubomoa matuta ya kale.

Ndiyo maana kondoo hulishwa kilimani kwa kipimo: wakizidi, maua huliwa kabla ya kutoa mbegu, wakipungua, msitu hurejea. Anayewahamisha kwa wakati wake hulinda ua na ngome kwa pamoja.