Rejeta Ikivuja, Usikimbilie Kuziba

Kuna mtu akiona tone chini ya Peugeot 504 ya mzee wake anasema, "Si ni maji tu? Ongeza twende." Wasee, hiyo "maji tu" ndiyo huua injini. Na iko na historia ndefu.

Gari ambalo Karl Benz alilisajili Ujerumani mwaka wa 1886 halikuwa na rejeta kama tunayoijua. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapaa kama mvuke, basi. Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 100, na njiani ilibidi asimame tena na tena kutafuta maji. Gari halikuwa limetoboka. Ndivyo lilivyoundwa.

Mwaka wa 1901 Wilhelm Maybach akaleta rejeta ya sega la nyuki kwenye Mercedes 35 PS: vijibomba zaidi ya 8,000, na injini ikatosheka na lita 9 hivi za maji. Noma sana. Lakini fikiria viungo vyote hivyo vilivyolehemiwa, vinatikiswa barabarani, vinapata moto na kupoa kila siku. Hapo ndipo tone letu lilipozaliwa.

Baadaye ikaja kifuniko chenye springi kinachofungia presha ndani. Maji yenye presha hayachemki haraka. Sasa, watu wa Nairobi, hii inatuhusu. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huku sufuria ya maji inachemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Injini nyingi za zamani hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo kabisa, na ni presha inayoiongeza. Kwa hivyo katundu kadogo hakaibi maji peke yake, kanaiba presha pia. Ndio maana gari inatulia mjini, halafu inachemsha ikipanda kutoka Mai Mahiu.

Safari Rally ilipoanza 1953, Volkswagen ya kobe ilikuwa moto. Ilishinda 1954, 1957 na 1962, na injini yake hupozwa kwa hewa: haina rejeta, haina cha kuvuja. Lakini Peugeot 404 ya maji ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikafuata 1975 na 1978. Gari ya maji inaweza kuvumilia vumbi na milima yetu, bora mfumo wake uwe mzima.

Sasa tuongee kuhusu kuziba. Madereva wa kitambo walimwaga ute wa yai au pilipili kwenye rejeta, vikaenda kuganda kwenye tundu. Usicheke. Mwaka wa 1958 manowari ya nyuklia ya Marekani, Nautilus, ilikuwa na uvujaji uliowashinda mafundi. Mabaharia wakaenda madukani Seattle kununua makopo ya dawa ya kuziba rejeta za magari, wakamwaga, ikashika. Agosti mwaka huo wakapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini.

Kwa dharura, sawa. Lakini dawa haichagui tundu. Inaweza pia kuziba vijibomba vyembamba vya rejeta, ukaponya tone ukaua upoaji. Na kwa 504, slivu za silinda zimekaa ndani ya maji yenyewe. Sili za chini zikichoka, maji yanaingia kwenye oili na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Huko hakuna yai litakuokoa.

Fundi mzuri huanza kwa kutafuta. Anangoja injini ipoe, maana kufungua kifuniko ikiwa moto ni kujichoma. Anaangalia alama za maji yaliyokauka, mipira, klipu, wota pampu. Kama ni rejeta, anaitoa, anaziba midomo yake, anaizamisha kwenye pipa na kupuliza hewa. Mapovu yanamwonyesha mahali. Anasugua shaba mpaka ing'ae, analehemu, anazamisha tena kuhakikisha.

Hiyo ni sayansi, buda. Lakini mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieneza jina "sekta isiyo rasmi" kwa kazi kama hizi, na mpaka leo tunazichukulia kama kazi ya waliokosa shule. Mimi niliacha kampasi, na naona kuna wazee pale jua kali wanaoelewa joto na presha kuliko wengi wenye cheti ukutani. Rejeta za siku hizi ni alumini na plastiki. Ikipasuka unatupa, unanunua nyingine. Wazee hao wakistaafu bila mwanafunzi, 504 zitabaki, lakini wa kusikiliza mapovu hatakuwepo.

Kwa hivyo wikendi hii ukipeleka gari ya mzee, usikae kwa simu. Simama karibu na pipa, uulize maswali.