Foleni ya Kota: Nani Alipata Nyumba ya Umma Morogoro?

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria iliyobadilisha umiliki wa mitaa ya katikati ya miji yetu. Jengo lolote lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe alikuwa amelipangisha lote au sehemu yake, liliweza kutwaliwa na Serikali. Kama lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, mwenyewe hakulipwa fidia. Nchi nzima yalichukuliwa majengo yanayokaribia 3,000, karibu yote yakiwa ya familia zenye asili ya Asia. Yakawekwa chini ya ofisi mpya, ya Msajili wa Majumba.

Morogoro nayo ilikuwa na mitaa ya namna hiyo: duka mbele, familia nyuma au ghorofani, soko hatua chache kutoka mlangoni, na Milima ya Uluguru ikionekana juu ya mapaa. Karani, mwalimu au fundi wa reli aliyekuwa akilala na watoto wanne katika chumba kimoja sasa aliweza kuandika barua kwa ofisi ya umma, akaomba nyumba ya saruji yenye maji na umeme kwa kodi ya chini. Azma ya sheria ilikuwa njema. Kilichobaki bila jibu ni nani angeingia kwanza, na nani angeitunza orodha ya wanaosubiri.

Kabla ya hapo nyumba ilifuata kazi. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na popote reli ilipoweka stesheni iliweka pia makazi ya watumishi wake. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yalikuwa na makambi ya manamba. Uliyeachishwa kazi uliondoka na godoro lako. Waingereza wakaendeleza mji wa mafungu matatu: Uzunguni penye hewa safi kuelekea mlimani, Uhindini penye biashara, na Uswahilini kwa waliobaki. Kota alizojengewa mtumishi Mwafrika wa serikali zilikuwa chache, na zilitolewa kwa cheo.

Waliobaki walipokelewa na nyumba ya Kiswahili. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jiko, choo na kamba za nguo uani. Mwenye nyumba, mara nyingi mama mtu mzima, alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Nyumba hizo ndizo zilizoupa mji huu makazi, kuanzia Mwembesongo hadi Mji Mpya, na hakuna shirika la umma lililowahi kuzifikia kwa wingi wa watu waliolala humo. Kila historia ya nyumba za umma ingefaa ianze kwa kuwashukuru kina mama hao.

Na huko milimani? Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na hurithiwa upande wa mama. Mgeni aliyehitaji shamba alikwenda kwa mkuu wa ukoo wenye ardhi, akapewa sehemu ya kulima na kutoa ngoto, malipo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Kwa kawaida hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti ungeweza kugeuka dai la umiliki. Utaratibu huo ulikuwa na ubaguzi wake, na anayeusifu bila kuutaja humdanganya msomaji. Hata hivyo mwombaji alimjua aliyemwomba, na majirani walijua nani amepewa nini. Vijana walioshuka mjini kwa sababu shamba la ukoo limegawanywa mpaka halitoshi walikutana na kitu kigeni kabisa: fomu, dirisha la ofisi, na jibu la “utaitwa”.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Kazi yake kubwa ya miaka ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba duni za Dar es Salaam, Magomeni ikiwa mfano unaokumbukwa zaidi, na kujenga za kisasa mahali pale pale, kwa msaada uliojumuisha fedha za Ujerumani Magharibi. Aliyebomolewa ndiye aliyetangulia kupewa. Hilo lilikuwa haki. Lakini ukibomoa nyumba mia na kujenga mia, foleni haijapungua hata mtu mmoja. Gharama zikapanda, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ubomoaji ule uliachwa. Sehemu kubwa ya nyumba za kipindi hicho ilibaki Dar es Salaam, na miji ya mikoani ikapata kidogo.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaongeza jambo jingine. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa maadili ya wakati ule naliheshimu katazo hilo, kwa kuwa lilitaka anayetunga sera asiwe anavuna kodi kwa maskini. Matokeo yake hata hivyo yalikuwa na upande wa pili. Watu wenye mishahara ya kutosha kujenga nyumba za kupangisha waliacha kujenga, na wao wenyewe wakawa waombaji wa nyumba za umma. Kwa hiyo majumba ya 1971 yalipopatikana, yalikuwa na wagombea wa namna mbili: mtu wa kipato cha chini aliyesemewa na siasa, na ofisa aliyejua barua ipelekwe kwa nani.

Tunajua nani alishinda. Richard Stren, aliyechapisha mwaka 1975 utafiti wake kuhusu makazi holela na ukosefu wa usawa katika miji ya Tanzania, alieleza jinsi sera ya nyumba ilivyowapita wengi wa wenye kipato kidogo, wakaishia kujijengea pasipopimwa. Nyumba ya saruji, hata yenye ruzuku, ilihitaji kodi ya kila mwezi, na kodi ya kila mwezi ilihitaji mshahara wa kila mwezi. Mama muuza vitumbua au kibarua wa sokoni hakuwa na hati ya mshahara ya kuambatanisha. Aliondolewa kwenye foleni kabla jina lake halijaandikwa.

Miaka iliyofuata mji ukapanuka haraka. Mkakati wa viwanda wa katikati ya miaka ya 1970 uliifanya Morogoro kituo cha ngozi, viatu, maturubai na nguo. Mwaka 1977 mji huu uliingizwa katika awamu ya pili ya mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia, pamoja na Dar es Salaam, Tanga, Tabora na Iringa. Fikra ilikuwa imebadilika: Serikali isijenge nyumba, ipime kiwanja, ilete barabara na maji, mwananchi ajenge mwenyewe kidogo kidogo kwa mkopo wa Benki ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1972. Foleni ya nyumba ikageuka foleni ya kiwanja. Fomu zilijazwa upya. Dar es Salaam tuliona Sinza na Kijitonyama, zilizopimwa kwa ajili ya wenye kipato cha chini, zikihamia mikononi mwa wenye uwezo, kwa sababu maskini aliyepewa kiwanja bila fedha ya tofali alikuwa amepewa kitu cha kuuza.

Nyumba za Msajili nazo zilikuwa zikichakaa. Kodi ilidhibitiwa kwa sheria, na sheria mpya ya mwaka 1984 ikauendeleza udhibiti huo, huku bei za saruji, bati na rangi zikipaa. Ofisi haikuwa na fedha ya kuziba paa linalovuja. Mpangaji, akijua analipa kodi ambayo hataipata kwingine, hakutoka. Akihama, aliacha ndugu ndani. Asiye na ndugu alikabidhi nyumba kwa mtu aliyempa kilemba, na huyo kilemba kilimpitisha mbele ya wote walioandika barua na kusubiri. Wengine walipangisha kinyemela kwa kodi mara kadhaa ya ile waliyolipa wao. Ruzuku ya umma iliingia mfukoni mwa aliyefika mapema. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote hii, kwa sababu halikufanywa na ukoloni wala na sera mbaya peke yake. Tulilifanya sisi kwa sisi, jirani kwa jirani, na orodha ikabaki karatasi.

Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Benki ya Nyumba ikafa mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, nyingine zikiwa katika maeneo bora kabisa ya miji ya mikoa, na mtumishi aliyehamishiwa mkoani baadaye akatafuta chumba kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2005 udhibiti wa kodi uliondolewa na Shirika likaruhusiwa kujiendesha kibiashara. Majengo yakaanza kupakwa rangi tena. Kodi nazo zikapanda kuelekea bei ya soko.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha orodha inavyoweza kufanya kazi. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, waliondolewa ili eneo lijengwe upya, wakakaa miaka bila kuona tofali. Walikuwa kaya 644, na kila kaya ilijulikana kwa jina. Walishikilia orodha ile. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaahidi kuwa watarudi na kuishi miaka mitano bila kodi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa mapya, wakarudi. Hakuna aliyeweza kusema hawajulikani.

Morogoro hakuna orodha ya namna hiyo inayojulikana na mtaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Waislamu wanagombea vyumba pamoja na vibarua, na tangu Juni 2024 treni ya umeme imeusogeza mji huu karibu na Dar es Salaam. Kijana anayetafuta chumba Chamwino au Kihonda hupitia kwa dalali, humlipa kodi ya mwezi mmoja, kisha humpa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumba za umma zipo, na Shirika lina ofisi yake mkoani. Kama zitajengwa nyingine kwa jina la mwenye kipato cha chini, majina ya waombaji, tarehe walizoomba na majina ya waliopewa yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, muuza vitumbua aweze kuona yuko wa ngapi.