Kinyume cha mstaarabu ni nani?

Kimya kingi kina mshindo, nimerudi. Mitihani imeisha, bumu halijatoka, na hapa hosteli tumebaki wale tusio na nauli ya kufika Karagwe. Basi leo nawaletea historia kidogo, ila inaanzia kwenye aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha kwetu Nyaishozi, nilipewa kipindi cha Kiingereza, Kidato cha Pili. Mada ilikuwa maneno na kinyume chake. Big, small. Rich, poor. Darasa linaitikia kama kwaya, mwalimu najiona bingwa. Nikafika kwenye "civilized". Madogo wakanikodolea macho, nikaona niwasaidie kwa Kiswahili, nikaandika ubaoni: mstaarabu, kinyume chake mshenzi. Dogo mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa Rumanyika alikuwa yupi?"

Nikamwambia akae chini tuendelee. Na mimi somo langu la pili ni Historia, jamani!

Kwa wasiotoka kwetu: Rumanyika alikuwa mfalme wa Karagwe, makao yake Bweranyange. Waingereza Speke na Grant walifika kwake Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha Nile. Speke akaendelea na safari Januari 1862. Grant, mguu ukiwa umemharibikia, akabaki mgeni wa mfalme hadi Aprili.

Katika msafara ule alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, na huyu ndiye aliyenifungua macho. Bombay alizaliwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa mpaka India, na huko bwana wake alipofariki akawa huru. Kwa hiyo alipozaliwa huko bara, watu wa pwani wangemwita mshenzi. Halafu akawa mtumwa. Anaingia Karagwe, yumo kwenye kundi la wanaoitwa waungwana. Mtu mmoja, majina matatu, na hajabadilisha sura.

Iko hivi. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru, wa mjini, mwenye ukoo unaojulikana na dini yake. Kinyume chake cha kwanza kilikuwa mtumwa. Wengi wa waliosafiri na misafara ya Zanzibar walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, na mjini kwao wangejiita waungwana wangechekwa. Wakishaingia bara, neno linageuka. Muungwana sasa ni yeyote aliyetoka upande wa pwani, amevaa nguo ya dukani na anaongea Kiswahili. Upande wa pili wakawekwa washenzi, ndiyo sisi wenyeji. Jina hilo lilifika hadi Kongo, ndiyo maana Kiswahili cha mashariki kule kikaitwa Kingwana.

Kumbe ukitaka kupanda daraja, unatafuta wa kumweka chini yako! (Hii hata hapa chuo ipo. Mwaka wa kwanza niliitwa mshamba, mwaka wa pili na mimi nikawaita wenzangu. Siringi nayo.)

Neno mstaarabu lenyewe lilipata nguvu baadaye, karne hiyohiyo ya 19, masultani wa Oman walipokuwa wameshaishika Zanzibar. Limetoka kwenye Kiarabu, maana yake ya mzizi ni kuwa kama Mwarabu. Yaani hata kipimo hakikutengenezwa hapa.

Speke naye alikuja na kipimo chake. Alimsifu sana Rumanyika kwa adabu na ukarimu. Lakini badala ya kukubali kwamba Mwafrika anaweza kuwa hivyo, alidai watawala wa huku asili yao ni Uhabeshi. Na huyohuyo mstaarabu, alipoona wanawake wa ikulu walivyonenepeshwa kwa maziwa, alitoa kamba akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua na paja, kisha akaandika vipimo kitabuni, kikachapwa mwaka 1863! Hebu fikiria mgeni amepokewa nyumbani kwenu, amekula, halafu anampima shangazi yako. Bibi yangu nilipomsimulia aliuliza kitu kimoja tu: "Na hawakumfukuza?"

Stanley alipita mwaka 1876, akaonyeshwa hazina ya mfalme, kazi za chuma na shaba, mpaka sanamu za ng'ombe. Baadaye Wajerumani wakalichukua neno mshenzi wakaliingiza kwenye lugha yao ya kikoloni, na walowezi wa Kenya wakalifanya sifa ya kitu chochote cha hovyo, hata mbwa koko.

Msinielewe vibaya, Rumanyika simfanyi malaika. Karagwe ilikuwa na ngazi zake, Wahinda juu, wakulima chini, na nina uhakika mkulima wa wakati ule alikuwa na maneno yake kuhusu walio juu. Ninachosema ni kwamba nililiandika lile neno kwa chaki nyeupe, herufi kubwa, mbele ya watoto arobaini ambao mababu zao ndio walioitwa hivyo, na aliyeshtuka ni mmoja tu, wala hakuwa mwalimu.

Yule dogo sasa atakuwa Kidato cha Tatu. Nauli ikipatikana nitapita pale shuleni, nimtafute, nimwambie swali lake lilikuwa zuri kuliko kipindi changu. Ngoja nikimbilie kantini kabla wali haujaisha. Na nyie semeni, kwa lugha za kwenu kinyume cha mstaarabu mnamwitaje?