Jinsi simu inavyojua ulipo, na kinachomaliza betri

IMANI imeenea miongoni mwa watumiaji wa simu za kisasa kwamba huduma ya kutambua mahali ndiyo mwizi mkubwa wa chaji. Ndiyo maana wengi huizima asubuhi na kuiwasha tu wanapoitisha teksi au bodaboda. Hofu hiyo si ya bure, ila aliyetiwa kizimbani siye mkosaji mkuu. Kipokezi cha mawimbi ya setilaiti kilichomo ndani ya simu hula kawi kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachoiangusha betri ni programu zinazoiuliza simu iko wapi, tena na tena, hata mwenyewe akiwa amelala, pamoja na kazi ambayo simu hulazimika kuifanya kila inapoulizwa.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kufahamu kwamba simu haina njia moja tu ya kujua ilipo. Inazo njia kadhaa, na gharama zake kwa betri hutofautiana kama nauli ya matatu na ya ndege.

Njia iliyo mashuhuri zaidi ni ya setilaiti. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS mnamo 1978 kwa mahitaji ya jeshi lake, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000, Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi yaliyotengewa raia ili adui asinufaike nayo. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukomeshwe, vifaa vya raia vikawa sahihi takriban mara kumi zaidi kwa usiku mmoja. Leo simu nyingi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, ambayo ilikamilika mwaka 2020.

Wapo wanaodhani kwamba setilaiti huitazama simu kutoka juu kisha ikaiambia ilipo. La hasha. Setilaiti hutangaza tu, kama redio. Haimjui anayeisikiliza, sawa na vile mtangazaji wa KBC asivyojua ni nani amefungulia taarifa ya habari. Kila setilaiti hubeba saa ya atomiki na hutangaza bila kukoma: mimi ni fulani, njia yangu angani ni hii, na wakati huu ni saa ngapi. Simu huyapokea matangazo hayo na kupima yamechelewa kwa muda gani. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na setilaiti za GPS huzunguka umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, hivyo basi ujumbe huchukua takriban sehemu saba kwa mia za sekunde kufika. Kutokana na ucheleweshaji huo, simu hukokotoa umbali kati yake na kila setilaiti, na penye umbali kadhaa kukutana ndipo ilipo.

Ugumu upo kwenye saa. Kosa la sehemu moja tu kwa milioni ya sekunde huisogeza simu mita 300, ilhali saa iliyomo ndani ya simu ni ya bei nafuu na haiwezi kulinganishwa na ya atomiki. Ndiyo sababu setilaiti tatu hazitoshi. Huhitajika ya nne, ambayo kazi yake hasa ni kuirekebisha saa ya simu. Chini ya anga iliyo wazi, simu ya kawaida hukisia ilipo kwa kosa la mita tano hivi. Katika Mtaa wa Tom Mboya jijini Nairobi, au kwenye vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, na si ajabu ramani kukuonyesha umesimama upande wa pili wa barabara, au juu ya paa la jirani.

Nchi zilizo karibu na Ikweta, Kenya ikiwemo, zina tatizo jingine ambalo halitajwi sana. Tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme huchafuka zaidi katika maeneo haya, hasa saa chache baada ya jua kutua na katika miezi inayokaribiana na Machi na Septemba. Mawimbi yanayolipenya huyumbayumba. Mtu asishangae, basi, ramani iliyokuwa timamu adhuhuri ikimchezea saa mbili usiku palepale alipokuwa.

Sasa tuje kwenye chaji. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa hafifu mno, na taarifa zake hutolewa polepole: biti 50 kwa sekunde, mwendo ambao hata intaneti ya zamani ya simu za nyumbani ingeucheka. Simu inayoanza bila kujua lolote huhitaji kuisikiliza setilaiti kwa takriban nusu dakika bila kukatizwa ili kupata maelezo ya njia yake, na dakika 12 na nusu ili kupokea orodha ya setilaiti zote. Muda huo wote kipokezi kimewaka. Ili kuuepuka usumbufu huo, simu za kisasa huchota maelezo hayo kupitia intaneti na kuyapata kwa sekunde chache. Hapa ndipo unapopata jibu kwa nini simu isiyo na bando, au iliyo mahali pasipo na mtandao, hukawia kujitambua. GPS yenyewe haihitaji intaneti hata kidogo. Ila bila msaada huo, hutafuta kwa taabu zaidi na kula zaidi.

Njia ya pili ni minara ya simu. Kila mnara una nambari yake, na simu inayoshikana nao tayari inaijua. Kwa kuwa simu huwasiliana na minara kila wakati, huduma hii haigharimu karibu chochote cha ziada. Ubaya wake ni kwamba hukisia tu. Mjini inaweza kukosea kwa mamia ya mita, na mashambani, ambako mnara mmoja huhudumia eneo pana, kwa kilomita kadhaa.

Ya tatu ni WiFi. Simu hutega sikio kwa vifaa vya WiFi vilivyo karibu, huchukua nambari za utambulisho za vifaa hivyo na nguvu ya mawimbi yake, kisha huuliza hifadhi kubwa za kampuni kama Google au Apple kwamba vifaa hivyo viko wapi. Haihitaji neno la siri wala kuunganishwa navyo. Ndani ya jengo la ghorofa njia hii huishinda GPS, na hula kawi kidogo kwa kuwa uchunguzi wenyewe humalizika upesi. iPhone ya kwanza, iliyouzwa mwaka 2007, haikuwa na GPS kabisa. Ilipopewa uwezo wa kujionyesha kwenye ramani Januari 2008, ilitegemea minara na WiFi pekee. Kasoro yake huonekana mtu anapohama na kifaa chake cha WiFi, tuseme kutoka Nakuru hadi Eldoret. Simu zilizo karibu nacho huweza kuendelea kudai kwamba ziko Nakuru hadi hifadhi ile ipate habari mpya.

Zaidi ya hizo, vipimaji vidogo vya mwendo na mzunguko vilivyomo ndani ya simu huisaidia kukisia imesonga kiasi gani tangu ilipopimwa mara ya mwisho. Hivi hula kawi kidogo sana, na faida yake kubwa ni kuiambia simu kwamba haijatoka mezani, hivyo hakuna haja ya kuiamsha GPS.

Je, GPS hula kiasi gani hasa? Mwaka 2010, watafiti Aaron Carroll na Gernot Heiser wa Australia walichapisha vipimo walivyovichukua ndani ya simu, kifaa kimoja baada ya kingine. Kipokezi cha GPS kilitumia miliwati 140 na ushei, ilhali kupiga simu kulitumia zaidi ya miliwati 1,000. Vipokezi vya leo vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini tuchukue kipimo hicho cha zamani makusudi. Betri ya miliampea-saa 5,000, ambayo sasa ni ya kawaida madukani, huhifadhi takriban wati-saa 19. Kipokezi cha miliwati 140 kikiwaka saa kumi mfululizo hutumia wati-saa 1.4, yaani asilimia saba hivi ya betri. Skrini inayotumia wati moja kwa muda uo huo huila nusu nzima.

Dereva wa teksi anayelalamika kwamba GPS imemmalizia chaji kabla ya saa tisa alasiri anasema kweli kuhusu chaji, ila kuhusu GPS amekosea. Simu yake imewaka skrini kwa mwangaza wa juu kabisa ili ionekane juani, inapakua ramani, inawasiliana na kampuni yake kila sekunde chache, na ubongo wake haupati nafasi ya kusinzia. Isitoshe, imebandikwa kwenye kioo cha mbele ambako jua huichoma, na joto ni adui wa betri za lithiamu: huzizeesha kabla ya wakati. Kupakua ramani ya mji mapema kwa WiFi, kupunguza mwangaza na kuiondoa simu juani kutamfaa zaidi kuliko kuizima na kuiwasha GPS kati ya abiria.

Huko kusinzia ndiko kiini cha mambo. Simu iliyo mfukoni huzima sehemu zake nyingi, na ndiyo maana hukaa na chaji usiku kucha. Programu inayotaka kujua ulipo kila dakika huiamsha kila dakika: huwasha kipokezi, huamsha ubongo, hufungua intaneti na kutuma jibu. Mchango wa GPS ni mdogo katika mzigo huo. Kuacha huduma ya mahali ikiwa imewashwa siku nzima bila programu yoyote kuitumia hakugharimu kitu cha kuhesabika.

Watengenezaji waliligundua hili na wakaanza kuzibana programu. Android 8, iliyotolewa mwaka 2017, iliziruhusu programu zisizo mbele ya macho ya mtumiaji kupata mahali mara chache tu kwa saa. Mwaka 2019, Android 10 ilimpa mwenye simu uwezo wa kuruhusu programu kujua alipo pale tu anapoitumia, jambo ambalo wenye iPhone walikuwa nalo tangu 2014. Kisha ikaja ruhusa ya kutoa mahali kwa kukisia tu, kwenye iPhone mwaka 2020 na Android 12 mwaka uliofuata. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua uko mlango gani wa Umoja Estate. Inatosha ijue uko Nairobi. Kuhusu zile za mikopo zinazong'ang'ania kujua ulipo saa zote, mwandishi huyu hajaona sababu ya kuziruhusu.

Ushauri mmoja wa zamani ungali unasambazwa, kwamba uchague hali ya kuokoa betri katika mipangilio ya mahali. Hali hizo ziliondolewa kwenye Android 9 mwaka 2018. Kwa simu za sasa, la muhimu ni kufungua orodha ya programu zilizoruhusiwa kujua mahali saa zote na kuipunguza. Watu wengi wataona humo majina ya programu ambazo hata hawakumbuki waliziweka lini.

WhatsApp, ambayo ilianzisha huduma ya kuonyesha unavyosonga Oktoba 2017, hutoa chaguo la dakika 15, saa moja au saa nane. Msichana anayepanda teksi usiku kutoka katikati ya jiji hadi Rongai, akitaka dada yake amfuatilie, achague saa moja. Saa nane zitaendelea kuila betri hata baada ya yeye kufika na kulala.

Hali ngumu zaidi ni ya msafiri aliyeharibikiwa na gari katika barabara ya Isiolo kwenda Moyale, usiku, betri ikiwa asilimia 15. Mahali mtandao unapokuwa dhaifu, simu hupandisha nguvu zake kuutafuta mnara, na utafutaji huo ndio utakaoimaliza. Ni heri apunguze mwangaza wa skrini, afungue ramani mara moja chini ya anga wazi, anakili nambari mbili za mahali alipo na kuzituma kwa ujumbe mfupi mtandao ukipatikana hata kwa dakika moja, kisha aiweke simu katika hali ya ndegeni na kuiwasha kwa vipindi. Ujumbe mfupi hupenya mahali ambapo picha ya ramani hukwama.

Azitume nambari hizo zote, pamoja na alama ya kutoa ikiwepo. Jumba la KICC, kwa mfano, liko takriban -1.2886, 36.8230. Alama hiyo ndogo mwanzoni humaanisha kusini mwa Ikweta. Anayeomba ambulensi akiwa KICC, akaisahau, atakuwa ameielekeza kilomita 285 hivi kaskazini, katika Kaunti ya Samburu, kati ya Maralal na Baragoi. Msafiri wetu wa Moyale, akiwa amekwisha kuvuka Ikweta, hana alama hiyo, wala asiiongeze.